Nani Ameshika Ufunguo? Tathmini ya Uratibu wa Mashirika ya Misaada huko Ngara na Goma, 1994–1996

Utangulizi

Neno "uratibu" limekuwa la kawaida katika barua na taarifa zinazofika katika ofisi za makanisa yetu. Mfadhili anapotoa fedha kwa ajili ya nchi iliyodhoofishwa na vita, aghalabu hutaka kujua ni chombo gani kitakachoyaunganisha mashirika yanayofanya kazi huko, ili yasigongane wala yasirudie kazi ile ile. Kisha, baada ya miaka miwili au mitatu, hutuma watu wa kufanya tathmini. Hao huhesabu mikutano iliyofanyika, mashirika yaliyohudhuria na taarifa zilizosambazwa, nao huandika kwamba mradi umefaulu au haukufaulu. Hatusemi kwamba kazi hiyo haina maana. Lakini je, hesabu za namna hiyo zinaweza kutuambia kama uratibu ulikuwa mwema?

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia. Tumechagua tukio lililotokea mlangoni petu: kazi ya mashirika ya misaada miongoni mwa wakimbizi wa Rwanda katika Wilaya ya Ngara na katika mji wa Goma, kuanzia mwaka 1994 hadi 1996. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, lilifanyiwa tathmini kubwa kuliko zote zilizokuwa zimefanywa hadi wakati ule. Pili, Walutheri walikuwamo ndani yake, kama wenyeji, kama watumishi, na kama watoa fedha. Kwa hiyo hatuwezi kulitazama kama watu wanaotazama moto wa jirani kutoka ng'ambo ya mto.

Kabla ya kufika Ngara, hatuna budi kupita kwanza katika mji mdogo wa Ujerumani. Wajibu wa kupanga misaada kwa pamoja, na kuikagua, haukuletwa kwetu na wafadhili wa siku hizi. Sisi Walutheri tuliurithi tangu mwanzo wa Matengenezo.

Sanduku la Leisnig, 1523

Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, katika nchi ya Saxony, ulitunga kanuni ya Sanduku la Pamoja. Mapato yote ya kanisa yalipaswa kuwekwa humo, ili yatumike kuwalipa wachungaji, kuendesha shule, na kuwatunza maskini, yatima na wazee. Martin Luther aliipenda kanuni hiyo, akaiandikia utangulizi na kuichapisha ili miji mingine ijifunze.

Mambo matatu katika kanuni hiyo yanatuhusu hapa. La kwanza ni uteuzi wa wasimamizi. Walikuwa kumi: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa kawaida wa mjini, na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. La pili ni kufuli. Sanduku lilipaswa kuwa na kufuli nne, na kila kundi kati ya hayo manne kushika ufunguo wake. Hivyo kabaila hakuweza kulifungua bila mkulima, wala baraza la mji bila watu wa mjini. La tatu ni hesabu. Mara tatu kwa mwaka usharika wote ulipaswa kukutana, na wasimamizi kusoma mapato na matumizi mbele ya watu.

Hata hivyo, hatupendi kuisifu Leisnig kupita kiasi. Baraza la mji lilikataa kuziachilia mali lilizokuwa likizishika, na Luther alilazimika kwenda huko na kumwandikia mtawala, bila mafanikio makubwa. Kanuni ilikuwa nzuri, lakini sanduku halikujaa. Somo hili nalo tutalihitaji mbele. Utaratibu unaweza kuandikwa vizuri na kutiwa sahihi na wote, kisha yule mwenye mali akaendelea kuishika mkononi mwake.

Ngara, Aprili 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda yalianza tarehe 7 Aprili 1994. Katika muda wa siku zipatazo mia moja watu wasiopungua 800,000 waliuawa, wengi wao wakiwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Wengi waliuawa ndani ya majengo ya makanisa walimokimbilia. Jambo hili hatuwezi kulipita kimya katika jarida la chuo cha theolojia. Washiriki wa makanisa waliwaua washiriki wenzao, na baadhi ya wachungaji na mapadre walihukumiwa baadaye kwa kushiriki.

Majeshi ya Rwandan Patriotic Front yaliposonga mbele upande wa mashariki, wakazi wa huko walianza kukimbia. Tarehe 28 na 29 Aprili walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitangaza kwamba watu 250,000 walivuka kwa muda wa saa ishirini na nne. Walikusanyika mahali palipoitwa Benaco, jina lililotokana na kampuni ya Kiitalia iliyokuwa ikijenga barabara. Baadaye kambi nyingine zilifunguliwa, kama vile Lumasi na Musuhura. Haukupita muda mrefu wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya.

Msiba ungeweza kuwa mkubwa zaidi. Lakini huko Ngara maji yalipatikana, chakula kikafika, na vifo vikazuiwa kwa kiasi ambacho wataalamu walikisifu. Sababu mojawapo ni kwamba mamlaka ilijulikana. Serikali ya Tanzania na UNHCR walikubaliana kuweka mpaka juu ya idadi ya mashirika yatakayofanya kazi kambini, na kila shirika likapewa kazi yake. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania kilichukua sehemu kubwa katika kugawa chakula. Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi Tanganyika, lijulikanalo kwa jina la TCRS, lililokuwa chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilikuwa na uzoefu wa miaka thelathini katika kazi hiyo. Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ngara haikuwa na manahodha wengi.

Kama tathmini ingekoma hapa, tungeandika kwamba uratibu ulifaulu. Lakini tuangalie chakula kilipita katika mikono ya nani. Wakimbizi walikuja wakiwa wamepangwa kwa tarafa na vijiji vyao, pamoja na viongozi wao wa zamani. Mashirika, yakitaka kuokoa maisha kwa haraka, yaliwatumia viongozi hao kuandikisha watu na kugawa posho. Baadhi yao walikuwa ndio waliosimamia mauaji wiki chache kabla. Mmoja wa waliofika Benaco alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa Murambi. Katikati ya mwezi Juni 1994 ulipofanywa mpango wa kumwondoa kambini, umati wa maelfu ulikusanyika na kuwatisha watumishi wa misaada. Miaka mingi baadaye mtu huyo alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Arusha. Alitiwa hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ikamwekea kifungo cha miaka 40.

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo lote. Utaratibu ule ule uliowafikishia watoto chakula kwa wepesi uliwarudishia wauaji mamlaka yao. Kadiri ulivyokuwa mwepesi ndivyo ulivyowathibitisha zaidi, kwa maana anayeshika orodha ya posho ndiye mtawala wa kambi.

Goma, Julai 1994

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai 1994 watu wapatao 800,000 waliingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Mahali hapo ni mwamba wa volkano. Haikuwezekana kuchimba vyoo wala makaburi. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu. Tarehe 20 Julai kipindupindu kiligunduliwa, na katika mwezi wa kwanza wakimbizi karibu 50,000 walikufa kwa maradhi.

Hali ya Goma ilikuwa kinyume cha ile ya Ngara. Serikali ya Zaire haikuwa na nguvu ya kuchagua nani aingie na nani asiingie. Picha za televisheni ziliwaita wafadhili na mashirika kutoka kila upande. Baadhi yalikuwa na ujuzi na yalifanya kazi ya kishujaa. Mengine yalikuja na bendera zao na waandishi wa habari, yakaahidi kuhudumia sehemu fulani ya kambi, kisha yakashindwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la kitabibu la Lancet ulieleza kwamba katika vituo vya tiba wagonjwa wa kipindupindu walicheleweshewa maji mwilini, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari hayakutumiwa ipasavyo, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa ugonjwa huo. Yaani watu walikufa mikononi mwa watu wenye nia njema.

Huko nako wakuu wa serikali iliyoshindwa na askari wao walizitawala kambi. Mwezi Novemba 1994 mashirika kadhaa yalitoa tamko la pamoja kwamba hayataweza kuendelea ikiwa usalama hautarekebishwa. Madaktari Wasio na Mipaka, tawi la Ufaransa, waliondoka Goma mwezi huo, na mwezi uliofuata wakaondoka katika kambi za Tanzania. Mashirika mengine, pamoja na ya makanisa, yalibaki, yakisema kwamba mtoto mwenye njaa haulizwi dhambi za jirani yake. Hatuthubutu kuwahukumu waliokwenda wala waliobaki. Tunaona tu kwamba, kati ya waliokaa katika mikutano ya uratibu, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuwatenga wenye silaha na wasio na silaha. Mkutano wa uratibu uliweza kuamua nani achimbe kisima, lakini haukuweza kuamua nani asitawale kisima hicho.

Tathmini ya Pamoja ya mwaka 1996

Kwa shauri la Serikali ya Denmark, nchi na mashirika yaliyotoa misaada yalikubali kupimwa kwa pamoja. Iliundwa kamati ya uongozi yenye wajumbe 37: serikali za nchi wafadhili, mashirika ya Umoja wa Mataifa, vyombo vya Msalaba Mwekundu, na miungano ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Taarifa ilitolewa mwezi Machi 1996 katika vitabu vitano, yaani vinne vya uchunguzi na kimoja cha muhtasari. Vitabu hivyo vilihusu historia ya Rwanda, dalili za hatari zilizopuuzwa, misaada ya dharura yenyewe, na ujenzi mpya wa nchi. Kati ya Aprili na Desemba 1994 zilikuwa zimetengwa dola za Marekani zipatazo bilioni 1.4.

Tunapaswa kutoa heshima panapostahili. Tathmini hiyo haikuwabembeleza walioilipia. Ilisema waziwazi kwamba mataifa makubwa yalituma misaada mahali pa kuchukua hatua za kisiasa, na kwamba chakula na dawa haviwezi kushika nafasi ya uamuzi wa serikali. Ilieleza kwamba mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyoshiriki yalizidi 200, na kwamba utendaji wa baadhi yao haukuwa wa kitaalamu wala wa kuwajibika. Ililinganisha Ngara na Goma, ikaonyesha faida ya kuwa na mamlaka moja inayojulikana. Ilionya pia juu ya hatari ya kambi zinazotawaliwa na wenye silaha. Na kuhusu kuyadhibiti mashirika iliweka njia mbili mbele ya wasomaji: ama yajiwekee kanuni na kujisimamia yenyewe, ama kiwepo chombo cha kimataifa cha kuyapima na kuyapa idhini.

Lakini tukiirudia picha ya Leisnig, twauliza: katika kamati ile ya watu 37, nani alishika ufunguo wa wakulima? Hapakuwa na kiti cha asasi yoyote ya Rwanda. Hapakuwa na kiti cha wananchi wa Ngara, ambao misitu yao ilikatwa kwa kuni na mashamba yao kukanyagwa. Wala hapakuwa na kiti cha Tanzania yenyewe, ingawa ilikuwa mwenyeji. Waliotoa fedha na waliozitumia walikutana kupimana wao kwa wao, kwa uaminifu mkubwa kadiri walivyoweza. Makabaila walikuwapo, na baraza la mji lilikuwapo. Kufuli mbili hazikuwa na wenyewe.

Yaliyofuata

Taarifa nyingi za tathmini huwekwa kabatini na kusahauliwa. Hii haikuwa hivyo, na jambo hilo linastahili kuandikwa. Kiliundwa kikundi cha kufuatilia mapendekezo yake, nacho kilitoa taarifa mwezi Juni 1997, miezi kumi na mitano baada ya vitabu vile kuchapishwa. Mwaka huo huo ulianzishwa mtandao wa ALNAP, unaoyakutanisha mashirika ili yajifunze kutokana na tathmini. Ndio mwaka ulioanza pia mradi wa Sphere, uliopanga viwango vya chini vya maji, chakula, makazi na afya ambavyo mtu aliyepatwa na maafa ana haki ya kuvipata.

Kwa upande wa makanisa, Fungamano letu lilikuwa miongoni mwa waasisi wa Kanuni za Maadili za mwaka 1994, zilizotungwa pamoja na Msalaba Mwekundu na mashirika mengine. Kanuni hizo zina vipengele kumi. Kimojawapo kinayataka mashirika kujenga juu ya uwezo wa wenyeji, na kingine kinayataka yawajibike kwa wanaosaidiwa, sawasawa na kwa wanaotoa fedha. Mwaka 1995 Fungamano na Baraza la Makanisa Ulimwenguni waliunda chombo cha pamoja cha misaada, ACT, ili makanisa yasigombanie maafa.

Kwa hiyo ile njia ya kwanza, yaani ya kujisimamia, ndiyo iliyofuatwa. Chombo cha kutoa idhini hakikupatikana. Hapa ndipo tunapoikumbuka Leisnig kwa mara ya pili: kanuni zilitungwa, lakini ufunguo haukuhama. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2016, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana mjini Istanbul kwamba ifikapo mwaka 2020 robo ya fedha za misaada ziwafikie wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa.

Hata kambi zenyewe zilikwisha bila wenye kambi kuulizwa. Onyo juu ya kambi za Zaire lilitolewa mwezi Machi 1996, nalo halikushughulikiwa. Mwezi Oktoba na Novemba vita vilizivunja kambi hizo. Wengi walirudi Rwanda, na wengine walikimbilia misituni, ambako maelfu walikufa au kuuawa. Mwezi Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na UNHCR walitangaza kwa pamoja kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi yetu, lakini jeshi liliwageuza kuelekea daraja lile lile la Rusumo. Inawezekana kwamba wako waliotaka kurudi siku nyingi, wakazuiwa na viongozi wao. Inawezekana pia kwamba wako waliokuwa na hofu ya haki. Kwa kuwa hakuna chombo kilichokuwa kimewapa watu wa kawaida nafasi ya kusema bila kusikilizwa na wakubwa wa kambi, ilikuwa vigumu kuwatofautisha.

Jambo lisiloingia katika hesabu

Tuangalie sasa historia ya zamani kidogo, ya watu walewale na wilaya ileile. Baada ya machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata, Watutsi wengi walikimbilia Tanganyika. TCRS ilianzishwa mwaka 1964 kwa ajili yao. Baadhi yao walipewa ardhi huko Muyenzi, Ngara. Walipatiwa majembe na mbegu, wakajenga nyumba, shule na zahanati. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Serikali, Umoja wa Mataifa na kanisa walifanya kazi kwa mkataba mmoja.

Kama mtu angefanya tathmini ya mradi huo baada ya miaka mitatu, angehesabu ekari, paa za bati na wanafunzi. Lakini jambo lililodumu kuliko hayo yote lisingeonekana katika daftari lake. Miaka ile Wanyarwanda kadhaa walijiunga na sharika za Kilutheri nchini Tanzania. Walisoma humo, wakaimba humo, wakawa wazee wa kanisa na wainjilisti. Waliporudi Rwanda baada ya vita vya mwaka 1994, waliianzisha huko jumuiya ambayo leo ni Kanisa la Kilutheri la Rwanda, wakisaidiwa na kanisa letu. Waliokuwa wapokeaji wakawa wajenzi, katika nchi iliyojaa wajane na yatima. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu kwa muda wa miaka thelathini walikuwa wamezoea kukaa katika baraza la usharika, kupiga kura, kusomewa hesabu na kuuliza maswali. Hakuna mfadhili aliyeupanga mradi huo, lakini huo ndio uratibu tunaoutafuta.

Mafundisho ya Matendo ya Mitume sura ya 6

Kitabu cha Matendo kinatupa taarifa ya kwanza ya malalamiko juu ya mgawo katika kanisa. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakukana. Hawakusema kwamba takwimu za jumla zilikuwa nzuri. Wala hawakujiongezea wenyewe mamlaka ili wasimamie vizuri zaidi. Waliwaambia watu wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema. Na yeyote anayesoma majina ya wale saba, tangu Stefano na Filipo mpaka Nikolao, ataona kwamba yote ni majina ya Kiyunani. Wachambuzi wengi wameona humo dalili kwamba kanisa lilitoa ufunguo kwa upande uliosahauliwa.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba katika dharura hakuna nafasi ya uchaguzi, na kwamba huko Benaco waliochaguliwa na umati walikuwa wauaji. Pingamizi hili ni zito, nasi hatulidharau. Lakini tuone vizuri: kambini ufunguo haukupewa wakimbizi. Ulipewa wale wachache waliokuwa tayari na nguvu. Wajane hawakuulizwa, wala vijana, wala wakulima waliobebwa na mkumbo wa hofu. Leisnig ilitaka funguo nne kwa sababu iliujua moyo wa mwanadamu. Haikumwamini kabaila, wala haikumwamini mkulima akiwa peke yake. Fundisho letu kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja lina matokeo hata katika utunzaji wa ghala. Katika kambi ambako posho ilianza kupelekwa kwa familia zenyewe, mkono wa wakubwa ulilegea kidogo. Hilo lilikuwa jambo dogo la utaratibu, lakini ndani yake mlikuwa na haki.

Hitimisho

Tumeona kwamba uratibu unaweza kuwa mwepesi na bado ukamtia nguvu mdhalimu, kama huko Ngara. Unaweza kukosekana na watu wakafa kwa huruma isiyo na mpango, kama huko Goma. Na tathmini inaweza kusema kweli yote kuhusu waliokuwapo mezani, bila kuona viti visivyokuwapo. Kutokana na hayo tunapendekeza maswali matatu kwa makanisa yetu, kila tunapoombwa kuunga mkono au kupima chombo cha kuziunganisha asasi katika nchi iliyovunjika.

Kwanza, nani ameshika ufunguo? Kuhudhuria mkutano ni kitu kimoja, na kuweza kuzuia sanduku lisifunguliwe ni kitu kingine. Pili, hesabu inasomwa mbele ya nani, na kwa lugha gani? Taarifa inayofika Geneva kwa wakati, lakini haisomwi chini ya mti wanapokaa waliosaidiwa, ni nusu ya hesabu. Tatu, je, chombo hicho kiliwahi kukataa? Ngara iliokoa maisha kwa kuwa mtu fulani aliweza kuyaambia mashirika kwamba nafasi imekwisha. Nayo ilijeruhiwa kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeweza kuwaambia vivyo hivyo wakubwa wa kambi.

Maswali haya hayahusu wafadhili wa mbali peke yao. Sharika zetu nazo zina masanduku, na majimbo yetu yana kamati za misaada. Mchungaji anayewatumia wenye nguvu wa kijiji kugawa mahindi ya njaa, kwa sababu ndio wanaojua kuandika orodha, anafanya jambo lile lile lililofanyika Benaco, ingawa kwa kiasi kidogo. Wajane wa Kiyunani wapo katika kila usharika. Basi kabla hatujaandika kuhusu uratibu wa nchi nyingine, na tuanze kwa kuwatafuta hao, tuwaulize walipata nini, kisha tuwakabidhi ufunguo mmoja.